Joto la Ukumbini

Shule ya Saint-Odon ina ukumbi mmoja tu.
Jumatatu watoto hudunda mpira humo,
Ijumaa bibi zao hucheza karata,
na kila Novemba ya uchaguzi
tunatundika mapazia yaliyoshonwa na darasa la sita,
mishono ikipinda, nasi tunapiga kura
tumesimama juu ya mstari mwekundu wa mpira wa kikapu.

Ludivine Daigle aliendesha basi la shule hiyo
miaka kumi na tisa kabla hatujamtuma bungeni.
Alijua ni mtoto gani hupanda bila glavu,
ni nyumba ipi taa yake haiwaki tena.
Mimi nilikuwa karani wake. Nilibeba mafaili,
nilimkumbusha kula.

Miswada yake ilikuwa miwili.
Wa kwanza, kurasa nne: boila.
Lile la zamani lilinunuliwa mwaka babu yangu aliporudi vitani,
na Januari, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
watoto waliandika imla wamevaa makoti,
wakipulizia vidole kila baada ya nukta.

Wa pili, kurasa sitini: ramani.
Kwani majimbo yetu huchorwa na wale wale
wanaochaguliwa humo. Fisi na bucha lake.
Mstari uliingia kwa mjane Thériault kupitia dirishani,
ukaacha jiko jimbo hili na kitanda jimbo lile.
"Napikia kwa mbunge mmoja," aliiambia kamati,
"nalala kwa mwingine,
na hakuna aliyewahi kunijibu barua."
Walicheka. Ludivine naye alicheka,
kisha akaacha, kabla ya wengine.

Alitaka tume ya watu wasio na chama,
na vituo vifungwe saa nne usiku
ili zamu ya jioni ya kiwanda cha mbao iwahi,
vumbi la msumeno lingali kwenye nyusi.

Mwezi Machi kiongozi wa walio wengi akamwita.
Hakufoka. Alimmiminia kahawa mwenyewe.
"Boila utalipata wiki hii. Na madirisha.
Ile ramani iache ilale."

Kenda shika, kumi nenda uje:
nani asiyeijua hesabu hiyo?
Ila kenda ilikuwa ya watoto wenye makoti,
na kumi ilikuwa yao pia, wakishakua.

Alinipigia simu saa nane usiku.
Hakuuliza afanye nini. Aliuliza
basi namba tatu siku hizi linaendeshwa na nani.

Asubuhi aliuondoa muswada wa pili.
Karatasi moja, sahihi moja. Muhuri niligonga mimi.
Gazeti liliandika kwamba ameuza.
Kaka yake aliandika hivyo hivyo, kwenye kadi ya Pasaka.

Boila lilifika Agosti, juu ya lori, limefungwa turubai.
Na wao, bila haraka, wakachora upya.
Jiko la mjane likafuata kitanda;
nyumba nzima ikahama jimbo
pasipo kusogea hata inchi,
na mtaa wa kiwanda nusu yake ikaenda nayo.

Novemba alipanga foleni nyuma yangu.
Humo ndani watu walikuwa wakivua makoti,
jambo ambalo sijawahi kuliona,
wakiyatundika kwenye vigingi vifupi vya chekechea.
Chini ya sakafu kitu kilinguruma polepole.
Zamu ya jioni ilifika saa mbili na dakika tano.
Mlango ulikuwa umeshafungwa.

Alishindwa kwa kura arobaini na moja.

Watu huniuliza kama alijuta. Sijui.
Alibaki kukunja mapazia pamoja nasi,
akaona pindo limefumuka, akatoa sindano mkobani.
Alipomaliza alivua viatu,
akasimama na soksi juu ya mstari mwekundu,
kimya, kama anayesikiliza kwa nyayo.

"Limezidi kidogo," akasema.
"Kesho waambie wapunguze."